Baba PSA 38.6, kaka PSA 5.8. Tuliyemlilia siye (uzi mrefu, Tanga)

#1 SeremalaJunior

Wakuu habari za majukumu. Wakubwa shikamooni.

Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite, hakuna ugomvi. Nimeamua kuuandika kwa sababu kwenye magrupu ya WhatsApp siku hizi wanaume wanarushiana majibu ya PSA, kile kipimo cha damu cha tezi dume, kama wanavyorushiana mikeka ya kubeti. "Mimi nina 3, wewe?" "Nina 6, kwisha habari yangu." Namba tupu, hakuna anayesema alipimwaje, lini, wala alikuwa na hali gani. Nyumbani kwetu namba tupu ilitutoa machozi wiki nzima, kwa hiyo nina haki ya kusema.

Mzee wangu ana miaka 71, fundi seremala mstaafu, tunakaa Ngamiani. Kwa mwaka mzima alikuwa anaamka usiku mara nne, mara tano. Sisi tunasikia tu mlango wa uani unalia kwiiii, halafu kimya kirefu, halafu kwiiii tena. Mama akadhani ni sukari. Mwenyewe anasema ni baridi ya kusi. Mwezi wa sita sawa, lakini Januari kuna kusi gani?

Ijumaa moja baada ya swala mkojo ukagoma. Hakutoka hata tone mpaka saa mbili usiku, tumbo la chini limekaza kama ngoma, mzee anazunguka uani kashika ukuta. Tukamkimbiza kituo kimoja cha binafsi, jina kapuni. Wakamwekea mpira wa mkojo, ikatoka zaidi ya lita. Mzee akapumua, akaomba chai. Mpaka hapo nawashukuru sana.

Asubuhi yake, mpira ungali ndani, mkojo kwenye mfuko una harufu na rangi kama chai ya mkandaa, wakamtoa damu. Jioni tukapewa karatasi: PSA 38.6 ng/ml, pembeni herufi H, chini imeandikwa kawaida ni 0 hadi 4. Aliyetukabidhi akasema, "Mzee ana saratani, mpelekeni Dar." Basi. Kwenye korido, mbele ya watu waliokuja kupima malaria.

Msinilaumu tulivyoipokea. Shangazi alipanda gari kutoka Pangani siku hiyohiyo, akaingia na kilio mlangoni kama maiti iko ndani. Baba mdogo akaanza kutafuta mteja wa minazi. Na mzee mwenyewe, ambaye ndiye aliyenivunja moyo zaidi, aliagiza sanduku lake la vifaa, akalifungua pale barazani, akaanza kugawa. Randa kubwa kampa kijana aliyemfundisha kazi. Msumeno kampa jirani. Patasi akazifunga kwenye kitambaa akaniambia, "Hizi zako, usizikopeshe."

Aliyetutoa gizani ni binamu yangu, muuguzi wa siku nyingi. Alifika Jumatatu, akaichukua karatasi, akauliza maswali mawili tu: damu ilitolewa mpira ukiwa ndani? Mkojo ulipimwa kama una maambukizi? La kwanza jibu ndiyo. La pili hapana. Akaiweka karatasi chini akasema hii karatasi haijasema chochote bado, na shangazi anyamaze.

Alivyotueleza ni hivi. Tezi dume inatengeneza protini inayofanya manii yawe mepesi. Hiyo ndiyo PSA. Kawaida inakaa hukohuko ndani ya tezi, kwenye damu inavuja kidogo sana. Tezi ikisumbuliwa inavuja nyingi, na kinachoisumbua si saratani peke yake. Mkojo kuziba, mpira kupita katikati yake, UTI iliyopanda hadi kwenye tezi, hata kutanuka kwa uzee tu. Mzee siku ile alikuwa navyo vyote vinne kwa mpigo.

Tukaenda kwa daktari bingwa wa mfumo wa mkojo. Mkojo ukapimwa, una bakteria. Dozi ya antibayotiki ikaanza, na tamsulosin ya kulegeza njia. Mpira ukatolewa, mkojo ukapita. Tukaambiwa tusubiri wiki 6 ndipo PSA irudiwe. Wiki 6 zile, wakuu, ni ndefu kuliko Ramadhani sita.

Ikaja 7.4.

Kutoka 38.6 hadi 7.4 bila upasuaji, bila mionzi, bila dawa yoyote ya saratani. Bado iko juu ya 4, ndiyo, kwa hiyo daktari hakupiga makofi. Akapima ukubwa wa tezi kwa ultrasaundi: sentimita za ujazo 92. Ya kijana ni kama 20 hivi, ndimu ndogo. Ya mzee ni ndimu nne zimefungwa pamoja. Akachukua 7.4 akagawa kwa 92, ikaja 0.08. Akasema wao wanaanza kukaza macho inapofika 0.15 kwenda juu, maana tezi kubwa ina haki ya kutoa PSA nyingi, ila tezi ndogo ikitoa nyingi lazima ijieleze. Kisha akapima kwa kidole (naam, kidole, tutafika huko), akaikuta laini pande zote.

Uamuzi: tezi imetanuka, saratani haina dalili kwa sasa, dawa ziendelee, miezi 6 irudiwe.

Hiyo ni nusu ya kwanza. Ya pili inamhusu kaka yangu, na sijajua niianzeje. Nitarudi jioni, umeme unachezacheza.

#2 MlaMofa

Nimetia nanga. Mkate wa mofa na supu viko mezani.

#3 Kigoda cha Makorora

Mkuu pole kwa mzee. Ila umenichekesha na kunitoa machozi hapo kwenye randa.

#4 Fundi Spoku

Swali la kitaalamu kutoka kwa fundi baiskeli. Tanga hii sisi wote tunalalia tandiko. Kuna mteja wangu kaambiwa baiskeli inapandisha PSA, kaacha kuendesha, sasa nakosa hela ya pancha. Ni kweli au ni uchawi?

#5 Dada wa Maabara

Fundi Spoku, si uchawi, lakini pia si sababu ya kuiuza baiskeli. Tandiko linakandamiza pale pale tezi ilipo, kwa hiyo tunashauri mtu asiendeshe safari ndefu siku 2 kabla ya kutoa damu. Ongezeko lenyewe likitokea huwa dogo. Haliwezi kuitoa namba 2 likaifikisha 20. Mwambie mteja wako aje kupima kwa bajaji siku hiyo, kesho yake arudi kwenye pancha.

Na kwa kuwa nimeingia, nifanye kazi yangu kabisa. Niko maabara mwaka wa kumi na moja.

Kipimo hiki hakihitaji kufunga kula. Watu wanakuja saa nne na njaa wanatetemeka, wanakuta ningewatoa hata baada ya chai na muhogo. Tunachukua damu ya mshipa, kichupa kimoja, tunaiacha igande, tunaizungusha kwenye mashine mpaka majimaji ya juu yajitenge, hayo ndiyo tunayopima. Siku 2 kabla usikutane na mwenzio, maana kumwaga manii nako kunapandisha kidogo. Kama umetoka kwenye UTI subiri kama wiki 6. Kama ulifanyiwa biopsi, yaani kuchotwa vinyama vya tezi kwa sindano vikapimwe, vivyo hivyo.

Jambo ambalo karibu kila mtu analisahau: dawa. Finasteride, ile ya kupunguza tezi iliyotanuka, inashusha PSA kwa karibu nusu ukiitumia miezi 6 au zaidi. Mzee anakuja ana 3.5, anafurahi, kumbe anakunywa finasteride mwaka mzima. Ile 3.5 daktari anatakiwa aizidishe mara mbili aione 7. Asipoambiwa atajuaje? Andika dawa zako kwenye kikaratasi uje nazo, hata zile ulizonunua mwenyewe dukani.

La mwisho, rudia maabara ileile kama inawezekana. Mashine hazifanani. Damu ileile moja, mashine mbili za makampuni tofauti zinaweza kupishana hata kwa asilimia 20. Halafu mwili wenyewe nao unapanda na kushuka siku hadi siku. Kwa hiyo mtu wa 3.9 na mtu wa 4.3 wanaocheka na kulia, mimi nawaangalia tu.

#6 Kiguru

Dada nakushukuru. Mimi nilipimwa kwenye kambi ya upimaji bure uwanjani, kile kikaratasi kama cha malaria. Ukaja mstari, wakanambia niko fiti. Sikupewa namba.

#7 Dada wa Maabara

Kiguru, kile kinajua maneno mawili tu: chini ya 4, au juu ya 4. Kwako kimesema chini. Sawa. Lakini 0.7 na 3.8 kwake ni kitu kimoja, na kwa daktari si kitu kimoja. Mwakani ukipima tena hutakuwa na cha kulinganisha. Tafuta siku ukapime chenye namba, uiandike mahali usipopoteza.

#8 Simba wa Duga

Nyie ongeeni yote, mimi damu natoa hata ndoo. Kidole SIKUBALI. Mwanaume wa Kidigo mzima niinamishwe? Sayansi imefika mwezini, inashindwaje kupita mlango wa mbele?

#9 MlaMofa

😂😂😂 Tulikuwa tunakusubiri wewe tu.

#10 Mzee wa Kahawa Chungu

Simba mwanangu, mimi nina 68. Nimefanyiwa. Haikufika dakika moja. Daktari alikuwa ananiuliza Coastal Union watabaki ligi kuu, kabla sijamaliza kujibu akawa ameshavua glavu. Nilikaa nje kwenye benchi kwa saa tatu nzima nikiogopa kitu ambacho ni kifupi kuliko kumenya chungwa.

Alinieleza anachotafuta. Tezi nzuri, hata iliyotanuka, inagusika kama ncha ya pua. Penye shida panagusika kama fundo la kidole ukikunja ngumi. Jiguse pua, kisha jiguse fundo la kidole, utaelewa. Sasa damu haiwezi kukwambia hilo. Wapo wenye PSA ndogo na fundo limo.

#11 Simba wa Duga

Mzee shikamoo. Nimejigusa pua. Bado nafikiria.

#12 Mtoto wa Sahare

Naomba niseme jambo kama mtoto wa kike ambaye baba yake hakupimwa kabisa.

Nimesoma uzi tangu mwanzo, nimecheka na nyinyi, lakini naogopa mtu atatoka hapa amebeba moja tu: "PSA ikipanda usijali, ni mpira, ni baiskeli." Baba yangu alikuwa na shida ya mkojo miaka miwili. Alikwenda duka la dawa, akaeleza, akauziwa vidonge, vikamsaidia. Mkojo ukawa unatoka vizuri. Kwa kuwa ulitoka vizuri, hakuna aliyefikiria kupima chochote. Halafu kukaja mbegu za maboga, halafu unga wa mti fulani wa elfu arobaini kopo, tena wa kuagiza.

Kilichomleta hospitali si mkojo, ni mgongo. Tukamkanda, tukamchua kwa mafuta ya nazi, tukasema ni uzee na kubeba magunia. Asubuhi moja akaniita, akaniambia, "Mwanangu, miguu imekufa ganzi." Hakusimama tena vizuri. PSA yake ilikuwa zaidi ya 900. Mifupa ya mgongo ilikuwa imeshaliwa.

Alitolewa korodani, maana saratani hii inalishwa na homoni ya kiume. Nilisoma baadaye kwamba daktari Charles Huggins kule Chicago alionyesha jambo hilo mwaka 1941, akapewa Nobel mwaka 1966. Kwa hiyo si ukatili wala si kubahatisha, kama wajomba zangu walivyokuwa wakipiga kelele. Maumivu yalipungua, akala, akacheka. Akapelekwa Ocean Road kwa mionzi ya mgongo. Tukakaa naye miaka miwili na miezi. Lakini miguu haikurudi.

Dawa ya kulegeza mkojo haigusi saratani. Inalegeza tu. Naomba hilo lisipotee kwenye vicheko.

#13 SeremalaJunior

Dada Mtoto wa Sahare, pole sana. Na asante, umenisahihisha. Nimeona kweli uzi wangu ungeweza kumlaza mtu.

#14 Mjuaji Kweli

Mimi nitakuwa mchungu kidogo. Hii PSA ni biashara. Marekani kwenyewe walishaikataza. Na aliyeigundua mwenyewe ameikana. Gugo ipo.

#15 Binamu Muuguzi

Mimi ndiye yule binamu wa kwenye stori, nimejiunga leo kwa ajili ya Mjuaji Kweli. Una ukweli nusu, na nusu hiyo ndiyo inayoua.

Richard Ablin ndiye aliyeieleza antijeni ya tezi dume mwaka 1970. Mwaka 2010 aliandika gazetini kulalamika jinsi kipimo kinavyotumiwa kusaka saratani kwa kila mwanaume mzima. Hakusema hakina kazi. Kwa mtu aliyekwisha tibiwa, kufuatilia kama ugonjwa unarudi, hakuna anayebisha. Kwanza Marekani walikiruhusu mwaka 1986 kwa kazi hiyo hiyo ya ufuatiliaji. Kusaka kwa watu wa miaka 50 na zaidi kulikuja 1994, tena pamoja na kidole (Simba upo?).

Mwaka 2012 jopo lao la ushauri likasema wanaume wasipimwe kiholela. Mwaka 2018 jopo hilohilo likageuza: wa miaka 55 hadi 69 aamue mwenyewe baada ya kuongea na daktari, aliyefika 70 asipimwe kwa mazoea. Kwa hiyo neno "walikataza" limeshachacha.

Sababu ya kuyumba ni hii. Ulaya walifuatilia wanaume zaidi ya laki moja na nusu. Matokeo ya mwaka 2009 yakaonyesha waliopimwa walikufa kwa saratani hiyo kwa asilimia 20 pungufu. Sawa. Lakini ili kumwokoa mmoja, ilibidi waitwe kupima 1,410, na wengine 48 watibiwe saratani ambayo pengine isingewasumbua maishani. Kutibiwa si kunywa panadol. Kuna anayebaki hazuii mkojo, kuna anayebaki hawezi tendo la ndoa. Walivyozidi kuwafuatilia miaka inakwenda, hesabu ikawa nzuri zaidi, lakini haikuwahi kuwa bure.

Hapo sasa ndipo napokataa kunakili Wazungu neno kwa neno. Wao wanahangaika na wanaogundulika mapema mno. Sisi wodini tunapokea wa mgongo na miguu, kama baba wa dada hapo juu. Na asili ya Kiafrika yenyewe ni hatari ya ziada, ndiyo maana weusi wanashauriwa waanze mazungumzo haya kwenye 45, na 40 kama ndugu wa karibu zaidi ya mmoja (baba, kaka) waliugua mapema.

#16 Mjuaji Kweli

Nimekaa. Ila kopo la unga la elfu arobaini nalo mlisemee, mama yangu ananunua kwa ajili ya baba.

#17 Mtoto wa Sahare

Mpigie simu mama leo.

#18 SeremalaJunior

MREJESHO

Nilisema nitarudi jioni, zimepita wiki tatu. Samahanini.

Siku mzee anarudia kipimo, tulikwenda watoto watatu. Daktari akatutazama akauliza umri. Akasema waliopita 45 watoe damu na wao, tukiwa tumeshafika. Mimi nina 44, nikatoa kwa ubishi tu, ikaja 0.9. Kaka mkubwa ana 52, yeye ndiye aliyekuwa anatutania wote. Mkojo wake unapiga ukuta. Hajawahi kuamka usiku. Kila siku baiskeli, Makorora hadi kazini Pongwe na kurudi.

Ikaja 5.8.

Tukacheka, Wallahi. Mzee alitoka kwenye 38, sisi tutishwe na 5.8? Na asubuhi ile ametoka Pongwe kwa baiskeli. Daktari naye hakushtuka, akasema apumzishe baiskeli siku chache kabla, mkojo upimwe, tarehe kadhaa mbele arudie. Mkojo ulikuwa safi. Akarudia baada ya wiki 6, maabara ileile. 6.1. Baiskeli ya watu ikasingiziwa bure.

Tezi yake ni 31. Gawanyeni wenyewe: 6.1 kwa 31 ni karibu 0.20. Mzee mwenye namba kubwa alikuwa 0.08. Nilikaa na kikokotoo cha simu nikarudia mara nne nikidhani nimekosea nukta.

Wakapima pia ile PSA huru, yaani sehemu ya PSA inayoelea kwenye damu bila kushikana na protini nyingine. Ikiwa zaidi ya asilimia 25 wanatulia, ikishuka chini ya 10 wanaharakisha. Yake 11. Akaenda Dar kwa picha ya MRI, pakaonekana doa upande wa kushoto. Biopsi wakachukua vinyama 12.

Wale wa biopsi: inauma kama sindano nyingi ndogo mfululizo, kuna mlio wa klaki kila inapochota, kaka anasema mlio ndio mbaya kuliko maumivu. Mkojo ulikuwa na damu siku tatu. Alipewa antibiotiki na onyo kwamba akipata homa arudi palepale asisubiri asubuhi. Hakupata.

Majibu yalichukua siku nyingi. Viwili kati ya 12 vina saratani. Gleason, yaani alama za ukali wake, 3+3, jumla 6.

Hapa tena karatasi ilitaka kutuua. Shemeji kasoma 6 juu ya 10, akahesabu kama mtihani wa shule: saratani imeshapita nusu. Kumbe kwa jinsi wanavyosoma siku hizi, 6 ndiyo ya chini kabisa wanayoandika kwenye biopsi. Inaanzia 6, inaishia 10. Hatua ya kwanza kati ya tano.

Na daktari akasema hatamgusa. Hakuna kisu, hakuna mionzi, kwa sasa. PSA kila miezi 6, MRI na biopsi nyingine ndani ya mwaka, ikionekana inabadilika ndipo wachukue hatua.

Shemeji alisimama. "Yaani umemwambia mume wangu ana saratani, halafu unamwambia akae nayo?"

Daktari hakukasirika. Akamweleza utafiti wa Uingereza ambapo wanaume 1,643 waliokutwa na ugonjwa mapema waligawanywa kwa bahati nasibu: wengine wakapasuliwa, wengine mionzi, wengine wakafuatiliwa tu. Baada ya miaka 15 waliokufa kwa saratani hiyo walikuwa karibu asilimia 3, na makundi yote matatu hayakupishana cha maana. Kisha yeye mwenyewe akaongeza, bila kuulizwa, kwamba karibu wote walikuwa Wazungu, kwa hiyo kwa kaka hatalegeza tarehe hata moja. Hilo la mwisho ndilo lililonifanya nimwamini.

Shemeji ameandika tarehe zote kwenye kalenda ya ukutani kwa kalamu nyekundu. Kaka amerudi kwenye baiskeli.

#19 Simba wa Duga

Poleni familia. Taarifa fupi: nimeenda. Nina 49. PSA 1.6. Na kile kingine nacho nimefanyiwa. Mzee wa Kahawa hakudanganya. Sitaki maswali.

#20 MlaMofa

Hatuulizi mkuu. Tunajigusa pua tu.

#21 Fundi Spoku

Naomba moderator abandike juu maneno "baiskeli imesingiziwa bure", nitayaprinti nibandike kibandani.

#22 Kiguru

Mwezi unaandama karibuni. Kutoa damu kidogo kama hii mchana wa Ramadhani ikoje?

#23 Mzee wa Kahawa Chungu

Hukumu muulize shekhe wako. Ila kama huna dalili, kipimo hiki hakina haraka ya siku mbili tatu. Nenda baada ya Idi. Mwenye mkojo uliogoma huyo hasubiri Idi wala magharibi.

#24 Mtoto wa Sahare

SeremalaJunior, kalenda ya shemeji iwe na nakala kwenye simu yako. Kalenda za ukutani huishia kufungia maandazi.

#25 SeremalaJunior

Nimeipiga picha dada. Tarehe ya kwanza ni ya mwezi wa tisa.

#26 Kigoda cha Makorora

Mkuu mimi nimebaki na swali moja tangu wiki ya kwanza na hakuna anayeuliza. Randa je?

#27 SeremalaJunior

Mzee alikwenda kudai mwenyewe, kwa miguu, fimbo mkononi. Kijana alirudisha randa siku hiyohiyo na soda juu. Patasi nimempelekea mimi, sikuwa nimekifungua hata kile kitambaa. Jirani wa msumeno amegoma, anasema zawadi haidaiwi na yeye alishaunoa kwa hela yake. Kesi iko kwa mjumbe, inasikilizwa Jumapili.